Umepata senti kubwa ya shaba ya Marekani? Weka limau chini kwanza

Habari zenu wadau. Hii naandika kwa ajili ya wenzangu mlioko huku Marekani mnaofanya kazi za kuhamisha watu, kusafisha nyumba za wazee waliofariki, kununua maboksi ya vitu mchanganyiko kwenye gereji seli (watu wanapouza vitu vyao vya zamani nje ya nyumba), maana huko ndo zinakotokea hizi sarafu, na pia nyie mlioko nyumbani mnaotumiwa picha WhatsApp na shemeji "hebu cheki hii ina bei gani". Nimeulizwa mpaka nimechoka kujibu mmoja mmoja, na kibaya zaidi kila anayeniuliza anakuwa keshaiosha.

Na mimi nilianza hivyohivyo. Sarafu yangu ya kwanza ilitoka kwenye kopo la vifungo vya nguo, Pennsylvania, senti ya mwaka 1798, kahawia iliyokolea kama kahawa chungu, nene, nzito mkononi. Sasa mimi nimelelewa na bibi Tanga, kwetu shaba ikiwa nyeusi ni aibu, karibu na Iddi masinia yote na mabirika yanatolewa uani, limau, chumvi, majivu laini, mnasugua mpaka unajiona uso. Basi nikaisugua senti ya watu. Ikatoka nyekundu ya waridi kama imegongwa jana na nikaipeleka kwenye duka moja la sarafu nikiwa nimejaa matumaini kifuani. Yule jamaa aliiangalia kama sekunde tatu hivi, akairudisha juu ya kaunta taratibu kama unavyomrudishia mtu noti iliyochanika.

Tofauti ni hii. Sinia thamani yake ni kung'aa, sarafu ya shaba thamani yake ni ngozi. Ile rangi ya kahawia sio uchafu, ni shaba yenyewe imekutana na hewa miaka mia mbili na kitu ikajitengenezea ngozi nyembamba, na ukiweka asidi yoyote (limau, siki, ukwaju, kechapu, soda ya kola, zote ni ndugu moja) unaichuna ngozi ile unabaki na nyama mbichi. Itarudi kuwa kahawia siku moja ndiyo, lakini itarudi kwa mabaka, na mtu mzoefu anaiona kutoka mlangoni.

Kwa hiyo twende hatua kwa hatua, na hatua ya kwanza ni kutofanya kitu.

HATUA YA 1: Iache ilivyo

Ishike kwenye ukingo tu, kwa kidole gumba na cha shahada, usiguse sura. Jasho la kidole lina chumvi na mafuta na shaba inalikumbuka, alama ya kidole ukiiacha leo haionekani, baada ya miezi kadhaa inachomoza nyeusi kama muhuri wa kwenye kitambulisho na haitoki tena. Tandika kitambaa laini au taulo chini kabla hujaanza kuigeuzageuza, ikidondoka kwenye marumaru ukingo unabonyea na hapo umepoteza hela. Halafu hili watu hulicheka: usiongee ukiwa umeinamia sarafu. Vitone vya mate ambavyo wewe huvioni vinaacha madoa madogo meusi. Vitone vingi mnavyoviona kwenye sarafu za zamani zilizo nzuri vimetoka kwenye midomo ya watu waliokuwa wanazisifia.

Usiitie mfukoni pamoja na funguo, usiibandike selotepu, usiizungushie kwenye karatasi ya nailoni. Kwa usiku wa kwanza bahasha ya karatasi kavu inatosha.

HATUA YA 2: Jua umeshika ipi

Senti za leo za Marekani ni vidude vya milimita 19 na gramu 2.5, na hata hizo wameacha kuzigonga kwa matumizi ya kawaida tangu Novemba 2025. Senti ya zamani ni mnyama mwingine, upana wa milimita 26 hadi 29, inakaribia nusu dola, na ni shaba tupu. Zilianza 1793 kwenye kiwanda cha serikali Philadelphia, sheria ilipita Aprili 1792, na ziligongwa kila mwaka mpaka 1857 isipokuwa 1815, mwaka huo hakuna, kwa sababu vibao vya shaba (vile vipande vya duara vitupu vinavyosubiri kugongwa) walikuwa wananunua Uingereza na nchi mbili hizo zilikuwa zimetoka kupigana. Kwa hiyo mtu akikuuzia senti ya 1815 mpe pole.

Zile zinazoitwa za mwanzo ni 1793 mpaka 1814, na zimegawanyika hivi kwa haraka:

Mnyororo, 1793. Upande mmoja mwanamke nywele zimetimka, upande wa pili mnyororo wa pete 15, pete moja kwa kila jimbo wakati ule. Walitoa 36,103 tu ndani ya siku chache za mwezi Machi. Watu walizichukia. Magazetini waliandika kwamba mnyororo ni ishara mbaya kwa Uhuru, na huyo mwanamke mwenyewe anaonekana kama ameshtushwa na kitu. Ukifikiria nchi yenyewe wakati ule ilikuwa na watu kwenye minyororo ya kweli unaelewa kwa nini wahusika walibadilisha haraka. Ya kwanza kabisa fundi aliona nafasi haitoshi akaandika AMERI. na nukta, akakatisha hapohapo.

Shada, 1793, mnyororo umeondolewa limewekwa shada la majani. Ziligongwa 63,353.

Kofia ya Uhuru, 1793 mpaka 1796. Mwanamke ana fimbo begani na juu yake kofia, ile kofia ya mtumwa aliyeachwa huru zamani za Warumi. Za 1793 ni 11,056 tu, na aliyeichora, Joseph Wright, alikufa mwaka huohuo kwenye ile homa ya manjano iliyofyeka Philadelphia mpaka kiwanda kikafungwa kwa muda.

Baada ya hapo kuna ya kifua kilichofunikwa shuka, 1796 mpaka 1807 (yangu niliyoichuna ndo hiyo), na ya mwisho, kichwa chenye utepe, 1808 mpaka 1814, shaba yake laini, nyingi zimekuwa nyeusi tii.

Mwongozo huu nitaegemea ile ya 1794 yenye kofia kwa sababu kati ya zile za kofia ndo ambayo mtu wa kawaida ana nafasi ya kukutana nayo. Mwaka ule zilitoka 918,521, nyingi kwa wakati ule, na zilizobaki katika hali nzuri ni chache.

HATUA YA 3: Mizani kabla ya ndoto

Nunua mizani ndogo kama ya sonara, inayosoma gramu mpaka pointi mbili, bei yake chee kuliko sahani ya pilau hotelini. Tangu 1793 mpaka karibu mwisho wa 1795 senti ilitakiwa iwe na uzito wa gramu 13.48. Halafu shaba ikapanda bei, kiwanda kikawa kinatia hasara, Desemba 1795 wakapunguza mpaka gramu 10.89 na uzito huo ukadumu mpaka 1857.

Kwa hiyo 1794 ya kweli iliyochoka kiasi itasoma 12 na kitu hadi 13 na nusu. Siku zile mashine za kuvuta mabamba zilizungushwa na farasi na za kugonga zilizungushwa na watu kwa mikono, usitegemee zote zilingane kama tembe za panadol, kuna nzito kidogo na kuna nyepesi. Lakini 1794 ikisoma 10, au ikisoma 15, simama hapohapo. Na 1798 ikisoma 13.5 nayo isimamishe.

Sumaku pia. Shaba haishiki sumaku, ikiruka kuifuata sumaku hiyo ni chuma kimepakwa rangi na mwongozo huu kwako umeishia hapa, pole sana.

HATUA YA 4: Ukingo, ambako matapeli huchoka

Watu wanatazama uso, tarehe, kofia, wanasahau kuigeuza ubavu. Senti ya 1794 ubavuni imeandikwa kuzunguka ONE HUNDRED FOR A DOLLAR, na mwisho wa maneno kuna kijani kidogo cha mti. Yale maneno yaliwekwa kwa mashine tofauti kabla ya kugonga sura. Ya mnyororo ubavuni ina mzabibu na vijiti. Walipopunguza uzito 1795 kibao kikawa chembamba mno kuandikika, kwa hiyo za mwisho wa 1795 kuendelea ubavu kwa kawaida ni mtupu.

Sasa unaona hesabu inavyokwenda, ubavu na mizani lazima wakubaliane. 1795 yenye maneno iwe nzito, 1795 isiyo na maneno iwe nyepesi. Ukikuta 1794 ubavu mtupu, mara nyingi ama imekwanguliwa na mtu aliyeifanya kidani au pete, ama ni ya kuigwa.

Ukiwa hapo ubavuni tafuta mstari. Kwenye miaka ya 1800 wenyewe wakusanyaji walikuwa wanatengeneza nakala kwa umeme, magamba mawili ya shaba yanaunganishwa na katikati wanajaza madini ya risasi, zinaitwa elektrotaipu. Sura inatoka kali ajabu kwa sababu imechukuliwa kwenye sarafu ya kweli, ila ubavuni kuna ule mshono mwembamba umezunguka, na ukiigonga kidogo na kucha huku umeibalanzi juu ya ncha ya kidole inatoa sauti ya bakuli lililopasuka badala ya mlio. Mimi hizo nazipenda zenyewe, nyingine zina miaka 150, lakini usilipie bei ya sarafu.

HATUA YA 5: Feki za siku hizi

Hapa mtege sikio. Zamani feki zilikuwa za kumwaga kwenye kalibu, zina vishimo kama povu la sabuni na herufi zimevimba kama mandazi. Hizo mtoto anazijua. Za sasa hivi wanachukua sarafu moja ya kweli, wanatoa dai (ule mhuri wa chuma unaogonga sura), wanagonga nyingi kwa shaba nzuri na uzito wanaukaribia. Udhaifu wake ni mmoja: ile sarafu mama ilikuwa na makovu yake, mkwaruzo hapa, kigongo pale, na makovu yanarithiwa na watoto wote. Kwa hiyo ukiona mtandaoni senti mbili za 1794 kutoka kwa wauzaji tofauti, zote zina mkwaruzo uleule chini ya kidevu urefu uleule, basi hizo ni mapacha na hakuna mapacha kwenye makovu. Piga picha yako, linganisha na zilizouzwa minadani, chukua jioni nzima, ni kazi ya kuchosha lakini imeniokoa mara mbili.

Kuna sheria Marekani tangu 1973 inayotaka nakala yoyote iwe imeandikwa COPY. Tafuta neno hilo, na tafuta pia sehemu iliyokwanguliwa ambapo neno hilo lilikuwepo.

Kundi la tatu ni sarafu ya kweli iliyobadilishwa tarehe. Mwaka ambao kila mtu anautaka ni 1799, adimu sana, sasa wanachukua 1798 wanakata kipande cha 8 inakuwa 9. Weka lenzi ya mara 10 kwenye namba ya mwisho tu, angalia shaba ya pembeni yake kama ina rangi na ngozi sawa na kwingine. Pale palipochongwa panakuwa paangavu au papo chini kidogo. Kwa 1804, adimu nayo, kuna ujanja mtamu: za kweli zote ziligongwa na jozi moja tu ya dai, kwa hiyo ile 0 ya kwenye tarehe inakaa sawasawa na O ya neno OF lililo upande wa pili. Elekeza vidole viwili bila kugusa sura, kimoja kwenye 0, kingine nyuma kwenye O, vidole visipotazamana sio yenyewe. Na bado kuna waliozigonga mnamo 1860 hivi kwa dai kuukuu zenye kutu, sura yake mbovu mbovu, hizo zina soko lake.

HATUA YA 6: Kuitafutia jina lake

Hii ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote na naomba mnivumilie.

Mwaka 1794 kila dai ilimaliziwa kwa mkono. Nywele za huyo mwanamke zilirekebishwa msokoto mmoja mmoja, namba na majani yakawekwa moja moja, na dai za wakati ule zilikuwa zinapasuka haraka, kwa hiyo wakachonga nyingine na nyingine, mpaka leo zimehesabiwa aina zaidi ya 50 za mwaka huo mmoja tu. Hazifanani. Mmoja kidevu kirefu, mwingine shingo nene, mwingine amevimba shavu kama anauguza jino.

Mwaka 1869 daktari mmoja wa Philadelphia, Edward Maris, aliandika orodha yake na badala ya namba tupu akazipa majina. Kuna Kidevu Mbili. Kuna Mwenye Madaha. Kuna Uso wa Mahaba. Kuna Mpatagonia, jina la watu wa kusini kabisa mwa Amerika waliosifiwa kuwa majitu. Niliposoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu kwenye basi kwa sababu hii ni kanga kabisa, unaingia dukani husemi nataka kanga namba 47, unasema nataka ile fulani, na muuzaji anaijua. Watu wa shaba mpaka leo wanaongea hivyo, "nimepata Kidevu Mbili", na mwenzake anajua.

Kwa vitendo unafanya hivi. Unahesabu ncha za nywele upande wa kushoto na unaangalia ya chini kabisa inajikunja au imenyooka. Unaangalia fimbo inaishia wapi karibu na tarehe. Unageuza, unahesabu matunda kwenye shada kushoto na kulia, unaangalia jani gani liko chini ya herufi gani, na ile sehemu 1/100 chini, mstari wake mrefu au mfupi, unagusa utepe au hapana. Ukishapata hayo manne matano unalinganisha na picha, na kila aina ina namba inayoanza na S, ya Sheldon, nitamsema hapo chini. Kwenye aina moja, S-48, kuna vinyota vidogo 94 vimezunguka ukingoni upande wa shada, hakuna anayejua kwa uhakika alikuwa anafanya nini fundi yule. Ukiviona vinyota hivyo kaa chini, kunywa maji.

Umuhimu wake? Aina mbili za mwaka mmoja, uchakavu uleule, moja inaweza kuwa na bei mara ishirini ya nyingine. Muuzaji wa vitu vya kale mara nyingi hana muda wa kuhesabu matunda, anaandika "senti 1794" basi. Wewe uliyehesabu ndo unayekula.

HATUA YA 7: "Fine" sio "nzuri"

Hili neno limewapiga watu wetu wengi. Tangazo linasema sarafu iko Fine, wewe kwa Kiingereza cha darasani unasema eh, ni nzuri, safi. Hapana. Fine ni daraja, na kwenye kipimo cha kuanzia 1 mpaka 70 Fine inaanza 12. Kumi na mbili! Chini yake kuna Very Good ambayo ni 8 na Good ambayo ni 4, yaani Good ni sarafu iliyolika mpaka unaona kivuli tu. Juu ya Fine kuna Very Fine kuanzia 20, Extremely Fine kuanzia 40, na haijatumika kabisa kuanzia 60.

Kipimo hiki kilitoka kwa hizihizi senti kubwa. William Sheldon, yule wa namba za S, mwaka 1949 alikuja na wazo la bei, kwamba kama aina fulani ya 1794 ikiwa mbovu kabisa inauzwa dola 1, basi ile isiyo na dosari itauzwa dola 70. Bei zilishakufa zamani ila namba zimebaki, na leo zinatumika sehemu nyingi duniani hata kwa dhahabu. Halafu ucheke au ulie, baada ya yeye kufa ikaja kuthibitika kwamba alikuwa anabadilisha senti kwenye mkusanyo wa chama kikubwa cha sarafu cha New York, anachukua nzuri yao anawawekea mbovu yake. Ndo aliyetupa kipimo.

Kwa 1794 yenye kofia, Fine halisi ni hii: LIBERTY na tarehe vinasomeka vizuri bila kuhangaika. Nywele za juu ya sikio zimelika zimekuwa bonge moja, ila misokoto mikubwa ya chini na ncha za nyuma zimeachana unaziona moja moja. Upande wa shada majani yana mpaka wake, machache bado yana mishipa. Kama hata ncha za nywele zimeyeyuka, hiyo ni Very Good. Kama nywele za juu nazo zimeanza kuonyesha nyuzi, imepanda Very Fine.

Lakini kwa shaba hiyo ni nusu ya kazi. Wataalamu wa shaba za mwanzo, wana chama chao tangu 1967, wanagredi (yaani wanaipa sarafu daraja) mara mbili. Kwanza ukali wa sura, pili wanakata alama kwa ajili ya ngozi. Sarafu ina sura ya 20 ila ilizikwa ardhini imeota vishimo kama ndui, wanashusha mpaka 10 au 8. Ina sura ya 12 na ngozi laini, kahawia ya chokoleti, hakuna kigongo kwenye ukingo, hiyo wanaiita teule na wanaigombania. Ndo maana mimi nikiulizwa kati ya Very Fine yenye ndui na Fine yenye ngozi safi ninunue ipi, sifikirii hata kidogo, Fine safi. Makampuni makubwa ya kugredi, PCGS na NGC, huwa walaini kidogo kuliko hao wazee wa shaba, usishangae namba kwenye kiboksi cha plastiki wanachoifungia sarafu kuwa juu kuliko ambayo mnunuzi yuko tayari kuilipia.

Jambo moja msichanganye: mpasuko au kasoro iliyotoka kiwandani, mfano bonge la shaba ukingoni pale dai ilipomeguka, au kibao kilichopasuka kwa sababu mwanzoni shaba yenyewe ilikuwa ya kuokoteza, haihesabiki kama uharibifu. Mkwaruzo wa kisu cha mtu unahesabika.

HATUA YA 8: Kama kweli kuna uchafu

Nimesema usioshe na bado watauliza. Sawa. Kama kuna mafuta, gundi ya selotepu, au utandu wa kijani wa plastiki laini, unaloweka kwenye asetoni halisi ya duka la rangi, sio ile ya kutolea rangi ya kucha yenye manukato, ndani ya chombo cha kioo, dirisha wazi, mbali na jiko kwa sababu inawaka moto kama petroli. Dakika kadhaa, unaitoa kwa kushika ukingo, unaiacha ikauke yenyewe. Husugui. Wakongwe wa shaba wanapendelea zailini (xylene, kimiminika kingine cha kuyeyushia mafuta) kuliko asetoni, na wanafagia kwa brashi ya nywele laini sana. Mimi brashi siigusi, mkono wangu mzito, naujua.

Kutu ya kijani iliyo ngumu iache. Kama ni unga wa kijani mpauko unaorudi kila ukiufuta, huo ni ugonjwa wa shaba, unakula ndani, itenge na nyingine umuone mtu wa kazi hiyo.

Na wale mlio Dar, Mombasa, Unguja, joto letu na chumvi ya bahari ndo adui namba moja. Hata zile pesa za shaba za Sultan Barghash za 1299 Hijria, zenye mizani, ukizikuta pwani nyingi zina kijani au zimesuguliwa mpaka mizani haionekani.

HATUA YA 9: Kuuza, na kutouza

Usimtajie mtu wa kwanza bei. Muulize yeye anatoa ngapi, andika, shukuru, ondoka. Nenda kwa wa pili. Mimi nimewahi kutajiwa dola 60 duka moja na 400 duka la pili, sarafu ileile, siku ileile, na wa kwanza alikuwa anatabasamu kuliko wa pili.

Kama mizani imekubali, ubavu umekubali, na hujaona makovu ya mapacha, ipeleke ikagrediwe kabla ya kuuza, kwa sababu mnunuzi wa mbali hatakuamini kwa maneno. Wakikuta ilisuguliwa hawakupi namba, wanaandika tu ni halisi ila imesafishwa, na bei inaporomoka, ndo kilichoikuta 1798 yangu. Ikiwa ni ya 1793 usiende duka la mtaani kabisa, wasiliana na nyumba za mnada zinazojua shaba, maana mnyororo mmoja wa AMERI. uliwahi kuuzwa dola milioni 1.38 mwaka 2012. Ule ulikuwa haujatumika, wako umetumika, punguza presha, lakini hata mbovu kabisa ya mnyororo ni maelfu ya dola.

Na historia ya sarafu ni hela. Kama imetoka kwenye nyumba yenye karatasi, risiti, bahasha ya zamani yenye mwandiko, chukua vyote. Senti nyingi za 1796 na 1797 zilizo nzuri kupita kawaida inasemekana zilitoka mfuko mmoja wa mwanasiasa wa Salem, Massachusetts, Benjamin Goodhue, na mnunuzi analipia hadithi hiyo. Salem ndo hiyohiyo ambayo baadaye wafanyabiashara wake walikuja Unguja na vitambaa, marekani ya bibi zetu, wakaondoka na pembe na sandarusi. Kila nikiona sarafu ya mfuko ule namkumbuka bibi na limau lake.

HATUA YA 10: Kuitunza

Kifuko kidogo cha pamba, ndani ya bahasha ndogo ya karatasi isiyo na asidi, ndani ya boksi, na pakiti ya zile chembe za kunyonya unyevu zinazokuja na viatu vipya, lakini badilisha kila baada ya miezi michache maana zikishajaa hazifanyi kitu. Plastiki laini inayonuka kama pazia jipya la bafu usiitumie, ina PVC, itakutolea ute wa kijani. Kabati la chumbani ni zuri kuliko la jikoni au chini ya ngazi.

Kwenye bahasha andika mwaka, namba ya S, uzito, umeipata wapi na tarehe. Andika bahasha ikiwa tupu, halafu ndo utie sarafu, kalamu ikikandamizwa juu ya shaba inaacha mstari, na nina 1802 moja yenye herufi K mgongoni.